Anayeovateki Si Dereva, Ni Kalamu

Ndugu msomaji, ukitoka hapa Kizota kuelekea Bahi kwa barabara ya Singida utaona mbio za magari bila kulipa kiingilio. Basi lenye injini ya nguvu linajikokota nyuma ya lori. Dereva anaweza kulipita, lakini hathubutu, maana sheria inamtaka asizidi kilomita 80 kwa saa na LATRA wanamwona kupitia mfumo wa VTS. Mara kagari kadogo kanawaovateki wote wawili na kupotea. Hivi nani kaamua nani ampite nani? Injini? Hapana. Ni karatasi.

Na ndivyo ilivyo hata kwenye mbio kubwa kabisa duniani. Vijana wenzangu tukiangalia langalanga kwenye TV tunabishana hadi usiku kuhusu dereva gani mkali. Kanuni hazimshughulishi mtu, wakati ndizo zinazounda injini. Hadi 2005 zilitaka V10 ya lita 3, mwaka 2006 zikataka V8 ya lita 2.4, na mwaka 2014 V6 ya lita 1.6 yenye tabo na umeme. Hata kuovateki kumeandikwa kitabuni. Gari likimkaribia mwenzake linaingia kwenye hewa iliyovurugwa, linapoteza mgandamizo na kushindwa kukata kona vizuri. Wakubwa wakaleta DRS mwaka 2011: ukiwa nyuma kwa chini ya sekunde moja, unaruhusiwa kufungua bawa la nyuma ili upate kasi. Mwaka 2026 wameiondoa na kumpa anayefukuza nyongeza ya umeme.

Utasema hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, jamani. Tunayo Safari Rally.

Mbio hizi zilianza 1953 zikiwa za Afrika Mashariki nzima, Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1974 ndipo zikaitwa Safari Rally. Mwaka huohuo wa 1974 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 isiyo na tabo, alimwacha wa pili Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kukimbilia Kenya, alishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Waliwezaje? Vipaji walikuwa navyo, hilo halina ubishi. Lakini kanuni za njia nazo ziliwabeba. Mbio zilikuwa za maelfu ya kilomita, kwenye barabara zilizo wazi, zenye mabasi, ng'ombe, mito iliyofurika na matope ya Pasaka. Kumpita mtu kwenye vumbi kulitaka ujue barabara inapinda wapi hata kama huioni. Ujuzi wa mwenyeji ulikuwa na thamani kuliko ukubwa wa injini, na ndiyo maana makampuni makubwa yaliwapa wenyeji magari yao.

Angalia pia kanuni za magari zilivyocheza. Enzi za Group B kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 200 tu, matokeo yake yakatoka madude ya kutisha. Hapa kwetu Toyota Celica yenye tabo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ikashinda 1984, 1985 na 1986. Mei 1986 Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakafa kule Corsica, na Group B ikafutwa kuanzia 1987. Gari sasa lilitakiwa litoke kwenye familia ya magari 5,000. Audi wakaja na Audi 200, gari kubwa la kubebea familia, wakachukua Safari ya 1987!

Baadaye ikaja pete ya kubana hewa. Tabo huongeza nguvu kwa kuilisha injini hewa nyingi. Ukiweka pete yenye tundu dogo mlangoni, nguvu inafika mahali inagoma, na mafundi wanalazimika kutafuta msukumo kwenye mizunguko ya chini. Milimita chache za tundu hilo ni mali. Mwaka 1995 Toyota walinaswa wakipitisha hewa pembeni ya pete, wakavuliwa pointi na kufungiwa mwaka mzima.

Mwafrika Mashariki wa mwisho kushinda Safari ikiwa mbio za dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994. Baada ya 2002 Safari ikaondolewa kwenye mbio za dunia, ikarudi 2021, Naivasha. Imerudi imefupishwa: kilomita mia tatu na ushee za kushindania, barabara zimefungwa, kila mtu ameruhusiwa kuzipitia kabla. Hapo ujuzi wa mwenyeji umepungua thamani na injini imepanda bei. Kati ya 2021 na 2025 Toyota walishinda zote tano, huku madereva wetu wakiwa kwenye magari ya madaraja ya chini yenye nguvu ndogo.

Wapo watakaosema tatizo ni fedha, si kanuni. Nakubali fedha ipo, ila nani anapanga gari la ushindi ligharimu kiasi gani? Kanuni za 2027 zimeweka kikomo cha euro 345,000 kwa gari, zikitumia injini ya jamii ya Rally2. Kwetu bado ni fedha nyingi mno, lakini ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kalamu kuusogeza mlango upande wetu.

Kwa maoni yangu, vyama vyetu vya mchezo wa magari Afrika Mashariki viache kufurahia watalii na picha za twiga peke yake. Vikae na FIA na kudai mambo mawili: Safari irefushwe, na sehemu ya njia isipitiwe na mtu kabla ya siku. Hatuombi upendeleo. Corsica ilikuwa na lami na kona zake, Finland ina miruko yake, na wenyeji wao walinufaika. Sisi tuna umbali, vumbi na mvua. Tukikubali vifutwe kwenye karatasi, tusimlaumu dereva wetu akimaliza wa kumi.

Naomba kutoa hoja.