Sensa Haitaji Jina la Babu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, wapo vijana wa Unguja na Pemba, na wenzao waliozaliwa Oman na Uingereza, ambao wanaitafuta asili ya familia zao. Baadhi yao huzifungua hesabu za sensa za zama za Waingereza wakitumaini kumkuta humo babu wa babu yao. Jambo hilo ni jema, kwani tumehimizwa kuzijua nasaba zetu ili tuunge udugu. Lakini inatupasa tujue sensa hizo zinasema nini, na zinanyamazia nini.

Kwanza, ripoti zilizochapishwa hazitaji mtu kwa jina. Zina jumla tu. Sensa ya mwaka 1948 iliwahesabu watu wapatao 264,000 Unguja na Pemba, na ile ya 1958 wapatao 299,000. Humo utaujua ukubwa wa jamii aliyoishi babu yako, wala hutaujua mlango wa nyumba yake.

Pili, makabila yaliyoandikwa humo hayakutulia. Mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 waliandikwa Waswahili. Mwaka 1931 walibaki takriban 2,000. Je, walikufa? La hasha! Walikuwa watu wale wale, ila walijitaja kwa majina mengine. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897 tu, na jina la Mswahili lilikuwa likinasibishwa nao. Nani angependa kuandikiwa aibu asiyoitenda?

Basi kijana anayejivuna kwa safu moja ya sensa, au anayemdharau jirani yake kwayo, ameshika kivuli akaacha mwili. Suratul Hujurat inatufundisha kuwa makabila ni ya kujuana, na mbora wetu ni mchamungu zaidi.

Tunashauri sensa iwe taa ya kumulika zama na mahali. Majina yatafutwe kwingine: katika hati za ndoa na mirathi za makadhi, hati za wakfu, Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na kurasa za misahafu ambamo wazee waliandika siku za kuzaliwa watoto. Zaidi ya yote, yatafutwe vifuani mwa bibi zetu. Nani alimnyonyesha nani? Hakuna karani wa sensa aliyeuliza swali hilo, na juu yake huhalalika au huharamika ndoa. Nani alikufa akiacha ndugu Pemba? Hapo ipo haki ya mrithi.

Kila jeneza la mzee tunalolisindikiza huenda na majina yasiyoandikwa popote. Leo baada ya sala ya Ijumaa, mzazi amchukue mwanawe na daftari, waende wakamwamkie mzee wao, wamsikilize na waandike.

Wabillahi tawfiq.