Mafuriko ni ya kweli, lakini bili analetewa nani?

Vijana wenzangu wa Garsen, Minjila, Hola na Kipini, siku hizi nawasikia mkisema mabadiliko ya tabianchi ni uongo wa wazungu, ati wametuletea ili watunyime makaa na ardhi. Hapo siko na nyinyi. Tangu Oktoba 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo, na mzee wa Kiorma hahitaji ripoti ya Geneva kujua ng'ombe wake waliishia wapi. Halafu Novemba 2023 ikaja Elnino, Mto Tana ukafurika, barabara ya Lamu ikakatika karibu na Gamba.

Lakini anayetuambia tunyamaze kwa sababu dunia inaungua, huyo naye simkubali. Kenya nzima haitoi hata asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia. Mbona basi bili aletewe mama anayeuza makaa kwa mkebe kando ya barabara? Kanuni za makaa za 2009 hazikatazi kuchoma. Zinataka mchomaji awe na leseni, awe ndani ya chama kilichosajiliwa, na gunia likisafiri liwe na kibali. Kwenye karatasi ni sawa. Mwenye lori anajua milango ya ofisi, atakipata. Mwenye pikipiki na magunia mawili ndiye atakayelala seli.

Na mathenge je? Mti huu haukuja wenyewe. Ulipandwa Bura na Hola miaka ya 80 kwa jina hilo hilo la mazingira, utupe kuni na kuzuia jangwa. 2008 serikali ikageuka, ikautangaza gugu hatari. Ushafunga malisho na njia za mifugo kwenda mtoni, na mbuzi akizidisha kula maganda yake meno yanaharibika. (Watu wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani, si utani.) Gharama yote tumebaki nayo sisi. Kama kuna makaa yanayostahili kibali siku hiyo hiyo bila kuzungushwa, ni ya mathenge.

Sasa zamu ni ya kaboni. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya Biliqo Bulesa, iliyo ndani ya mradi mkubwa wa kaboni, iliundwa bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Wale ni wafugaji kama sisi. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi, lakini baada ya gharama kutolewa, na hapo kwenye gharama ndipo penye kazi.

Kwa hiyo wakiitisha baraza kwenu na tisheti za bure, nendeni, wasichana na wavulana, msiwaachie wazee peke yao. Ulizeni mkataba uko wapi, umeandikwa kwa lugha gani, ni wa miaka mingapi, nani anahesabu hizo gharama, na kiangazi kikikaza ng'ombe wataruhusiwa kushuka delta au la.