Kumbe Steringi Alipachikwa!

Huku kwetu Sumbawanga baridi ya Ufipa inauma ile mbaya, basi wiki hii nikajifungia ndani na koti langu, nikaangalia picha moja ya zamani. Nimegundua kwamba miaka yote nilipigwa changa la macho.

Mwaka 1996 nilikuwa sekondari. Tulikuwa na banda la video, mabenchi ya mbao, jenereta inakoroma nje, kiingilio shilingi hamsini. Siku hiyo wakaweka mkanda wa Godzilla. Dude likatoka baharini, likaikanyaga Tokyo kama ng'ombe aliyeingia shamba la mahindi. Mkalimani wetu, jamaa mwenye mdomo kama cherehani, akatangaza kwamba limetokea Ziwa Rukwa, linatafuta mamba wenzake. Banda zima hoi! Steringi alikuwa Mzungu mmoja mpana, mwandishi wa habari, na kwa vile steringi hafi, hatukuwa na wasiwasi naye.

Sasa juzi mdogo wangu kaniletea picha yenyewe ya mwanzo, ya Kijapani. Nikamsubiri Mzungu wangu. Wapi! Picha ikaisha, Mzungu hajatokea.

Kumbe Wajapani waliitengeneza mwaka 1954, muongozaji Ishirō Honda, na hapakuwa na Mzungu wa kuokoa mtu. Yule jamaa, Raymond Burr, alipigwa picha Marekani akapachikwa katika toleo la mwaka 1956. Pale "anapoongea" na Wajapani, wengine ni watu waliosimamishwa wakiipa kamera mgongo ili tudhani ni wale wale. Na pamoja na kuongeza mtu, picha ya dakika 96 ikabaki 80!

Cheki basi walichotoa. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, majivu yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani baharini, na mmoja akafariki Septemba mwaka huo huo. Ndiyo maana picha inaanza na meli inayomezwa na mwanga. Katika ile ya kwanza kuna dada ndani ya treni anayesema alinusurika Nagasaki, na sasa haya tena. Mwishoni profesa mzee anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, dude jingine litakuja. Mkasi ukapita hapo hapo. Bomu likabaki la kutajwa tu, uchungu wake ukafagiliwa.

Tena walikuwa na mchezo huo. Varan ya mwaka 1958, picha ya bei chee ya Honda huyo huyo, ilipotoka Marekani mwaka 1962 nayo ilipachikwa steringi wao. Dude ambalo kwa Wajapani linapaa angani, kwao halipai hata kidogo. Masikini, limekatwa mabawa kwa mkasi!

Utasema kinachoniuma ni nini, picha za mpira tu hizo. Mwaka 2003 nilikuwa Dar, kwenye daladala, nikapiga stori na dada mmoja mrembo kweli. Akaniuliza kwetu wapi. Sumbawanga. Akahama kiti! "Usije ukaniroga, kaka." Gari zima likacheka. Na kwa Kifipa jina lile maana yake ni tupa uchawi. Watu wamekata "sumba", wakabakiza "wanga".

Jana nikamfuata yule mkalimani, siku hizi anauza mbolea sokoni. Nikamwambia, "Kaka, steringi wetu alipachikwa."

Akaniangalia. "Kwani mimi nilikuwa nafanya nini, mdogo wangu?"

Nikamjibu kwamba yeye alisimama mbele yetu, akidanganya tukimwona, na tulimrushia maganda ya karanga. Akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko. Jumamosi anakuja kwangu kuiangalia ile ya mwaka 1954, na ameahidi kunyamaza mwanzo hadi mwisho.

Simwamini.