Kipimo cha Habari za Kweli

Limeenea katika watu wetu neno ambalo twaona halifai kuachwa lipite bila kujibiwa. Kitabu kikieleza mambo yaliyotukia, au sinema ikionyesha watu na nchi zao pasipo kutunga hadithi, watu wengi huuliza kwanza: Je, imetusifu au imetuaibisha? Ikitusifu, huitwa njema. Ikituaibisha, huitwa uongo, na mwenye kuitunga huhesabiwa kuwa adui. Wako na wengine ambao kipimo chao ni chepesi zaidi: yamepigwa chapa, basi ni kweli, tumeyaona kwa macho, basi ni kweli. Sisi twasema vipimo hivi viwili vyote ni vibovu, na vinatutia hasara.

Tuanze na macho. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa sinema iitwayo Nanook of the North, yenye habari za mwindaji wa Wainuit, watu wa nchi ya barafu huko Kanada. Watu wa Ulaya na Marekani waliitazama wakasadiki kwamba wameona maisha yenyewe. Walakini mwindaji yule hakuitwa Nanook, bali Allakariallak. Mwanamke aliyeonyeshwa kuwa mkewe hakuwa mkewe. Nyumba ya barafu iliachwa wazi upande mmoja ili mwanga upate kuingia. Na watu waliokwisha kuzoea bunduki walitakiwa kuwinda kwa silaha za babu zao. Kila kilichoonekana kilikuwako mbele ya chombo cha kupigia picha, wala macho hayakudanganywa. Iliyodanganywa ni akili, maana iliambiwa, Hivi ndivyo waishivyo, na kumbe yapasa iambiwe, Hivi ndivyo walivyoombwa kuigiza. Je, tuitupe sinema ile? La. Baridi ile ni baridi ya kweli, na ustadi wa mikono ile hauigizwi. Aijuaye jinsi ilivyotengenezwa atafaidiwa nayo. Asiyejua atabeba uongo nyumbani akidhani amebeba elimu.

Nasi hatukuachwa nyuma. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa sinema za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, nazo zikatembezwa Tanganyika na nchi za jirani. Moja yake yaonyesha watu wawili waliopata mshahara: mmoja azika fedha zake nyumbani, mwivi azichukua, wa pili aziweka katika benki ya posta, zasalimika. Fundisho ni zuri, na waigizaji walikuwa watu wa nchi. Lakini mtazamaji mwenye akili angeweza kuuliza kwa nini mshahara wa wote wawili ulikuwa kidogo hata ukaenea katika shimo dogo la sakafuni. Jambo hilo sinema haikulitaja, wala haikukusudia kulitaja. Ukitaka kuijua thamani ya habari, usitazame yaliyosemwa tu. Tafuta na yale yaliyoachwa, na nani aliyefaidiwa kwa kuachwa kwake.

Sasa tufike Mwanza, kwa maana huko ndiko kipimo cha pili kilikotuumiza. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa sinema iitwayo Jinamizi la Darwin, juu ya sangara wa Ziwa Viktoria. Sangara si mwenyeji wa ziwa lile. Aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, naye alipoongezeka sana, hasa miaka ya 1980, aina nyingi mno za furu zilitoweka au zikawa haba, ijapokuwa wataalamu huongeza sababu nyingine, kama uchafu uingiao majini. Sinema yaonyesha viwanda vikikata minofu, ndege kubwa zikiipeleka Ulaya, watoto wasio na makao wakilala barabarani, na wanawake wakianika mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Tena yadokeza kwamba ndege zile, zijapo, huleta silaha.

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuilaani. Sisi hatuwalaumu kwa hasira yao. Nani apendaye mji wake ujulikane duniani kwa uvundo wake? Twawalaumu kwa jinsi walivyochagua hoja. Zilikuwapo hoja mbili, moja ya nguvu na moja dhaifu, nao wengi wakaishika iliyo dhaifu.

Ile ya nguvu ni hii. Katika sinema nzima hatuoneshwi hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza. Rubani mmoja akiri kwamba zamani alipeleka zana za vita Angola; lakini Angola si Mwanza, na safari ya jana si ushahidi wa safari ya leo. Mtengenezaji aliweka ndege kando ya njaa, na njaa kando ya neno la vita, akamwachia mtazamaji ayaunge mwenyewe. Dokezo si ushahidi. Mshitaki asiyetamka shitaka lake waziwazi hawezi kujibiwa, na hilo ni kosa kubwa katika kazi ijiitayo ya kweli, hata kama mwenyewe alikuwa na nia njema ya kuwatetea wanyonge.

Hoja dhaifu ndiyo iliyopigiwa kelele: kwamba tumeaibishwa, kwamba Watanzania hawali mapanki. Lakini neno mapanki halikutungwa na mgeni. Lilikuwako vinywani mwa watu waliochuuza na kununua. Watoto wale wa barabarani hawakuletwa kutoka Austria. Basi ikawa nini? Watu wa nje waliposikia tukikana yale yaliyoonekana, walidhani na yale yasiyoonekana tunayakana vivyo hivyo kwa kuficha. Dai la silaha, ambalo lingepaswa kuulizwa, Sanduku liko wapi?, likazama katika makelele ya aibu. Na mama mwenye kuanika mapanki, ambaye moshi na uvundo vilimwingia machoni kila siku, hakuulizwa tena na upande wo wote. Mgeni alimtumia kuwa picha. Wenyeji wakamwona kuwa fedheha.

Baadaye mwanahistoria mmoja wa Ufaransa aliyeishambulia sinema ile alishitakiwa na mtengenezaji kwa kashfa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia hatiani. Wako wasemao, Basi sinema imethibitishwa. Haikuthibitishwa! Mahakama iliamua kama mtu amemkashifu mwenzake. Haikwenda Mwanza kufungua ndege.

Mtu atatujibu: Mgeni hana haki ya kuandika habari zetu, na mwenyeji aandikapo hatuhitaji vipimo. Tumtazame basi mwenyeji. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kwa safari, na vita, na biashara ya pembe, ni vitabu vichache vilivyo na manufaa kama hicho, kwa kuwa mwandishi alikuwako. Lakini tunajua pembe ilikofika na thamani yake, na mtu aliyeibeba hatumsikii akinena. Si kwamba Tippu Tip alisahau; kwake yeye hilo halikuwa habari. Naye Abdallah bin Hemedi, aliyetuandikia Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na misheni, yatupasa kumsoma kwa mizani miwili: ayasimuliayo juu ya Mbegha, aliyeanzisha ufalme, ameyapokea vinywani mwa wazee; ayasimuliayo juu ya vita vya siku zake, mengi aliyaishi, tena akiwa upande wa mmoja wa wapiganao. Ayachanganyaye mafungu haya mawili atadhani amesoma kitabu kimoja.

Mzazi mmoja, mtu mwema na msomaji, alitutaka tukiondoe kitabu cha Tippu Tip katika kabati la shule, kwa sababu mwandishi wake alifanya biashara ya watu na hajutii. Tulimwuliza kama watoto wakikosa kukisoma hicho watajua vipi jinsi mtu kama yule alivyofikiri. Akasema wataambiwa na mwalimu. Nasi tukasema mwalimu naye hakuwako Tabora siku zile. Kitabu hakikuondolewa, na darasa la juu wamepewa kazi ya kuandika, kwa kila sura, majina ya watu wanaonena na hesabu ya wale wanaotajwa pasipo jina.