Fundo la mwisho wa kamba: urembo wenye kazi

Jumapili hii ningependa uitazame kamba iliyo nyumbani kwako, iwe ni ya bembea, ya kuruka watoto au ya kuvutia ndoo. Tazama mwisho wake. Je, umefumuka kama ufagio mkuukuu? Au umefungwa lile fundo dogo ambalo kila mtoto hulijua?

Ikiwa ni hivyo, pana hatari. Fundo la kawaida ni dogo mno. Likiwekwa chini ya ubao wa bembea, uzito wa mtoto huweza kulibana mpaka lipenye tunduni, na hapo kitakachoanguka si ubao peke yake. Naye anayevuta ndoo kwa mikono iliyolowa, kamba humponyoka kwa kuwa mwisho wake hauna cha kuuzuia mkono.

Mabaharia wa merikebu za matanga walilijua tatizo hili kitambo. Kamba zao zilipita katika matundu na kapi, na pasipo kizuizi, upepo ungezichomoa na kuliacha tanga likipigapiga ovyo. Basi wakajifunza kuufumua mwisho wa kamba na kuzisuka nyuzi zake zenyewe ziwe kifundo kinene cha mviringo. Mmarekani Clifford Ashley, aliyewahi kusafiri katika merikebu ya wavuvi wa nyangumi, alichapisha mwaka 1944 kitabu chenye mafundo yaliyopewa nambari zaidi ya 3,800. Leo tutashika moja tu, lile ambalo mabaharia walilitia kwenye kamba za kushikia kando ya ngazi ya merikebu.

Tafuta kamba ya katani au ya pamba, unene wa milimita 12 hivi, iliyosokotwa kwa nyuzi nene tatu. Tafuta pia uzi imara, mkasi na selotepu. Nyuzi hizo tatu tutaziita mikia.

1. Pima sentimita 30 kutoka mwisho wa kamba. Hapo funga kwa uzi, ukiuzungusha mara kadhaa na kuukaza. Fumua mikia mpaka hapo, kisha uzungushie ncha ya kila mkia selotepu.

2. Shika kamba mikia ikielekea juu. Sasa tujenge ukuta. Peleka mkia wa kwanza kulia, upite chini ya wa pili, na uache kitanzi kidogo. Mkia wa pili uzunguke wa kwanza kwa chini, kisha upite chini ya wa tatu. Wa tatu uzunguke wa pili kwa chini, halafu uingie katika kile kitanzi cha kwanza kutoka chini na kutokea juu. Ukiangalia kutoka juu, yote yamekwenda kinyume cha mwendo wa saa.

3. Sasa tuvike taji juu ya ukuta, kwa mwelekeo ule ule. Laza mkia wa kwanza upite kati ya wa pili na wa tatu, ukiacha kitanzi. Laza wa pili juu ya wa kwanza. Laza wa tatu juu ya wa pili, kisha uuchomeke katika kitanzi cha wa kwanza. Mikia yote sasa inatazama chini.

4. Usikaze bado! Kila mkia uufuate uzi ulio kando yake, kwa upande wa chini, ukirudia njia ya ukuta na kisha ya taji, mpaka kila mahali pawe na nyuzi mbili sambamba. Mwishowe uchomeke mikia ipite katikati na kutokea chini, karibu na shina la kamba.

5. Kaza pole pole, ukivuta kila sehemu kidogo kwa zamu. Anayevuta mkia mmoja kwa nguvu hupata donge lililopinda. Kata masalio ya mikia.

Mara ya kwanza huenda likakutoa jasho. Lifumue, uanze tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto waweza kutia kila mkia rangi yake ili wasichanganye. Mwanafunzi naye aweza kutengeneza dogo la kamba nyembamba kwa ajili ya mfuko wa vitabu au funguo.

Kwa bembea, hakikisha fundo ni nene kuliko tundu, na utie wosha ya chuma kati ya fundo na ubao. Ning'inia wewe mtu mzima kwanza kabla ya kumkalisha mtoto. Kamba ya katani ikilala kwenye mvua huoza, kwa hiyo ikague mara kwa mara, maana kamba hukatika pembamba. Ya nailoni haiozi haraka, lakini huteleza; likaze fundo lake zaidi. Na kamwe usimtundike mtu mahali pa juu kwa kutegemea fundo ulilojifunza leo.

Kamba nyingi hutupwa kwa sababu mwisho wake umefumuka tu, ilhali urefu wote uliobaki ni mzima. Fumua, suka, kaza. Utakuwa umeokoa shilingi zako, na labda goti la mwanao pia. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.