Hati ya Mwalimu Isiwe Pambo

Mwaka 1997 kisiwa cha Unguja kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Mbung'o madume walifugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, kisha wakaachiwa kutoka kwenye ndege ili majike wasizae. Sayansi ya viumbe ikawaokoa ng'ombe wetu.

Leo akina mama wa pwani wanaona mwani aina ya kottonii ukifa kwa joto la bahari. Dawa yake itatafutwa na vijana waliofunzwa bioteknolojia, wala si waliokaririshwa. Mwalimu asiyewahi kuotesha mche kwa tishu maabarani atawafunza nini zaidi ya istilahi?

Kwa hiyo tunasema: walimu wa sekondari za Serikali wanaofundisha bioteknolojia wawe na hati maalumu ya ujuzi huo. Lakini hati isitolewe kwa kuhudhuria semina na kusaini daftari. Mwalimu apimwe kwa kazi ya mikono yake. Waliomo kazini wasiadhibiwe, bali wafunzwe kwanza. Walimu wa Pemba na Tumbatu wafuatwe waliko. Na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali itambue kwamba hati bila maabara ni karatasi tu.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mapinduzi yalitangaza elimu bila malipo, na milango ya madarasa ikafunguliwa kwa wote. Wajibu wetu sasa ni kuhakikisha kwamba aliyesimama mbele ya darasa anakijua anachokifundisha.