Mlo wa Nyumbani: Wali wa Kijapani kwa Samaki wa Ziwa Letu



Mara nyingi ukurasa huu huanza kwa barua ya msomaji. Mwezi huu swali halikuja kwa barua, bali tuliitwa kwenda kulitazama jikoni.

Hapa kwetu Mbalibali, kati ya Tarime na Serengeti, yuko mzee mmoja, jirani yetu na mwenzetu wa safu ya mbele msikitini. Mwanawe ni mpishi katika hoteli moja ya watalii mbugani Serengeti. Kijana huyu tulimfundisha sisi wenyewe herufi za kwanza, naye alikhitimu Juzuu Amma juu ya mkeka wa chuo chetu. Tangu aingie kazi hiyo, yapata miaka mitatu sasa, baba yake hajala chochote kilichopikwa kwa mkono wake. Hakumfukuza wala hakumtukana. Akija likizo humpokea vyema, humwuliza afya na safari. Lakini kijana akiingia jikoni, mzee husema ameshiba. Tulipomwuliza sababu alitujibu, "Maalim, mkono uliokata nguruwe asubuhi, siujui jioni umekata nini."

Basi mwezi wa Shaabani kijana alikuja nyumbani kwa siku kumi, akatujia baada ya sala ya alasiri. "Shikamoo, Maalim. Nataka niwapikie wazee wangu chakula ambacho wageni wetu hukipenda sana. Nakuomba uje ukae jikoni tangu mwanzo, uone kila ninachotia. Ukila wewe, labda na baba atakula." Tukamwuliza chakula gani. Akasema: sushi ya kuoka.

Twakiri kwamba tulishtuka. Sisi na wengi wa rika letu twaijua sushi kwa sifa moja tu, ya kwamba Wajapani hula samaki mbichi. Kijana alicheka kwa adabu, akatueleza, na baadaye tuliyatafuta mengine wenyewe ili tusiwapotoshe wasomaji.

Jina hilo asili yake si samaki bali ni uchachu. Zamani watu wa Asia, hasa wa nchi za mpunga, walihifadhi samaki kwa kumtia chumvi na kumfukia katika wali kwa miezi. Wali ulichacha, na uchachu ule ukamlinda samaki asioze. Siku ya kula, samaki aliliwa na wali ukatupwa. Baadaye Wajapani waliona ni hasara kuutupa wali, wakaula pia, na mwishowe wakaona hapana haja ya kungoja miezi: wakautia siki ili upate uchachu siku ile ile. Kwa hiyo kiini cha sushi ni wali uliotiwa siki. Huyo samaki mwekundu mbichi aitwaye salmoni, anayeonekana katika picha zote, ni mgeni katika chakula hicho. Wajapani hawakuwa na desturi ya kula salmoni wa bahari yao akiwa mbichi, kwa kuchelea minyoo. Ni Wanorwe, katika miaka ya 1980, waliokwenda Japani kuuza salmoni wao wa kufugwa, wakawazoeza watu kumla hivyo. Na wekundu wake hutokana na chakula anacholishwa.

Hii ya kuoka ni mpya zaidi. Ilienea sana Ufilipino mwaka 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, na wengi wakaipika nyumbani na kuiuza kwa masinia. Wali hutandazwa chini, samaki hutandazwa juu, sinia huingizwa katika tanuri. Mama wa pwani aliyezoea mkate wa kumimina, wenye makaa chini na makaa juu, angeutazama mlo huu asione ajabu.

Sasa tuje kwenye lile lililotupeleka, nalo ni uhalali wake.

Samaki hana neno. Kitoweo cha majini tumehalalishiwa katika Sura ya Maida, wala hachinjwi. Shida i katika viungo. Kwanza, wapishi wa Kijapani hutumia mvinyo mtamu wa mchele uitwao mirin, wenye kileo cha kadiri ya sehemu 14 katika 100. Jikoni husemwa kwamba moto hukausha kileo chote. Si kweli. Kileo hupungua kwa kadiri ya muda wa kupikwa, na hata baada ya saa nzima motoni baadhi yake husalia. Kijana wetu huiacha kabisa, huongeza sukari kidogo mahali pake, na kwa ulimi wake yeye, ambaye ndiyo kazi yake, hakuna kinachopungua. Pili, viko vijiti vya kaa wa bandia vitiwavyo katika mlo huu. Baadhi yake huwa na mvinyo huo huo, basi mwenye kununua asome karatasi ya bidhaa, au asinunue.

Tatu ni siki. Mtume s.a.w. aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema, na hilo lajulikana. Lakini siki ya mchele hupita kwanza katika hali ya ulevi kabla haijawa siki. Hapa wanazuoni wana maneno. Kwa Imamu Shafi, mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki umetoharika, bali ukigeuzwa kwa kutiwa kitu haukutoharika. Kwa Imamu Abu Hanifa, njia zote mbili zafaa. Sisi tulimwambia kijana ajitoe katika shaka, atumie ndimu au siki nyeupe ya dukani, ambayo aghalabu ni tindikali ya siki iliyochanganywa na maji. Alikwisha kuinunua hiyo Mugumu kabla ya kutuuliza.

Na huo mkono? Tulimwuliza mbele ya mama yake, maana hatukutaka kufunika jambo. Alisema tangu mwaka wa pili aliomba awekwe upande wa samaki na mboga, na mkubwa wake alikubali, divai haigusi. Mwaka wa kwanza, alisema akiwa ameinamisha kichwa, alikata alichopewa. Hatukumsifu kwa mwaka ule. Lakini masahaba walipouliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, waliambiwa kwamba wasipopata vingine wavioshe, kisha wavilie. Ikiwa chungu chatoharika kwa maji, sembuse mkono wa Mwislamu. Juu ya mshahara wake ni mlango mwingine, nao una wenyewe wa kuujibu kuliko sisi.

Salmoni kwetu hapatikani, na anapopatikana katika miji mikubwa bei yake si ya mwalimu wa chuo. Kijana alileta sangara kutoka Musoma, katika sanduku la barafu, juu ya basi. Mnofu mweupe, mnene, kilo nzima. Hapa yafaa tuseme neno. Sisi wa Mkoa wa Mara tunalo ziwa, lakini tangu viwanda vya miaka ya 1990 mnofu wa sangara umekuwa ukipanda ndege kwenda Ulaya na kwingineko, na nyumba nyingi za huku zimemjua samaki huyu kwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyokwanguliwa. Mama yake kijana aliupapasa ule mnofu akasema, "Leo tumempata na mwili wake." Naye sangara si mwenyeji wa ziwa, alitiwa humo katika miaka ya 1950, akawala samaki wadogo wengi wa asili. Basi asije mtu akatuambia chakula hiki ni cha kigeni ilhali samaki mwenyewe mgeni.

Tulivyoona vikipikwa ni hivi, kwa watu wanane.

Mchele vikombe vitatu. Chagua mchele mpya, uliovunwa karibuni, au hata wenye chenga. Ule ambao akina mama huulaumu kwa kushikana ndio utakiwao hapa, kwa kuwa Wajapani hutumia mchele mfupi unaonata. Uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, uupike kwa vikombe vitatu na nusu vya maji, bila mafuta wala nazi. Ukiiva, uache ufunikwe dakika kumi. Pasha vijiko vitano vya kulia vya siki pamoja na vijiko vitatu vya sukari na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, hata viyeyuke; visichemke. Mimina juu ya wali ungali moto, ukigeuza kwa mwiko kama akatae, usiuponde. Mtu mwingine aupepee kwa kipepeo wakati huo. Mdogo wake kijana alipepea, na majivu yakaingia. Wali ule wa juu ukaondolewa wakapewa kuku. Pepea mbali na jiko.

Sangara mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, umpike kwa maji machache mpaka anyambuke, umchuje vizuri, umchambue miiba. Asibaki mbichi hata kidogo. Samaki wa maji baridi wana minyoo yao, na wale samaki waliwao wabichi katika mahoteli hugandishwa kwanza kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, jambo ambalo friji za nyumbani zenye umeme wa kukatika haziliwezi.

Mchuzi mzito wa juu, mahotelini, hufanywa kwa mayonezi. Kijana alitumia mtindi wa ng'ombe wa nyumbani, uliotundikwa katika kitambaa usiku kucha hata ukawa mzito kama jibini laini: kikombe kimoja, viini viwili vya mayai, pilipili iliyopondwa, vitunguu vya majani. Mama alishtuka kuona maziwa na samaki katika bakuli moja. Twajua wazee wengi hukataza, na vitabu vya kale vya tiba viliuonya mchanganyiko huo. Lakini hilo ni shauri la afya, si hukumu ya haramu, na tumbo letu halikulalamika. Asiyetaka atumie tui zito la nazi.

Nyunyizo la juu lilitufurahisha kuliko yote. Wajapani hunyunyiza ufuta, mwani mkavu na samaki mkavu aliyesagwa. Ufuta tunao. Samaki mkavu ni dagaa wetu: kijana aliwakaanga wakavu bila mafuta, akawatoa vichwa, akawatwanga pamoja na ufuta na chumvi. Mwani hatukuutia. Wanawake wa Zanzibar wameulima kwa biashara tangu mwaka 1989, lakini ule ni wa jinsi nyingine, hupelekwa viwandani kutengeneza kitu cha kugandishia vyakula, si ule ufanywao karatasi za kufungia wali.

Sufuria pana ipakwe mafuta. Tandaza wali na uugandamize kwa mkono uliolowa maji, unene wa vidole viwili. Nyunyiza nusu ya dagaa na ufuta. Changanya samaki na ule mtindi, tandaza juu, sawazisha, umalizie kwa nyunyizo lililobaki. Funika kwa mfuniko wa bati. Makaa machache chini, mengi juu. Ukizidisha ya chini wali utashika ukoko kabla uso haujapata rangi. Robo saa yatosha, au dakika ishirini ikiwa makaa ni hafifu. Uso ukiwa wa dhahabu na kingo zikifoka kidogo, epua, uache upoe kiasi cha kukatika vipande. Huliwa kwa kufungwa katika majani ya kabichi yaliyochovywa maji moto, au kwa kipande cha chapati. Sisi tulikula kwa chapati.

Mkeka ulitandikwa uani baada ya magharibi. Mzee alikuja, akaketi, akanawa, kisha akatutazama sisi wala si sinia. Tulisema bismillahi tukala tonge la kwanza. Akauliza, "Kuna nini humo, Maalim?" Tukamhesabia kimoja kimoja, tangu mchele hata chumvi, na majivu yaliyoingia tukayataja pia. Akauliza tena, "Na umeona kwa macho yako?" Tukasema tumeona.

Akakata kipande cha chapati, akachota upande wa samaki. Alitafuna kwa muda mrefu. Akachota tena, safari hii pamoja na wali, akakunja uso.

"Samaki ni mzuri," alisema. "Wali umechacha."

Kijana akaanza kueleza habari ya siki na Wajapani, mama yake akamgusa goti anyamaze. Mzee aliendelea kuokota samaki juu ya wali, kidogo kidogo, akiuacha wali umebaki kama sakafu iliyofagiwa. Kisha, bila kumtazama mwanawe, akasema, "Samaki kama huyu hutaka ugali wa muhogo. Nenda ukasonge."

Binti mkubwa aliinuka, kwa kuwa kusonga ni kazi yake siku zote. Mzee akamwambia aketi. "Nimemwambia yeye."

Kijana akaenda jikoni. Ulipita muda, sisi tukala vipande vingine viwili, na chapati zikaanza kupoa. Mzee alikaa mikono juu ya magoti, hakugusa kitu, akingoja.